Inchi Mbili za Kupumulia

Nyumbani kwetu tunaishi watu watatu na paka mmoja, na katika hao watatu ni mimi peke yangu nisiyeendeshwa na paka. Nalisema hili mapema ili tusije tukavunjiana heshima huko mbele. Babu anaendeshwa. Shangazi anaendeshwa, tena ukimwambia ananuna. Mimi nimemaliza kidato cha nne, akili zangu zimetulia, na paka akinikazia macho nami namkazia, hadi mmoja wetu apepese.

Paka mwenyewe anaitwa Mheshimiwa. Jina hilo alimpa Babu zamani, siku alipomkuta ameketi katikati ya mlango, bado mdogo kama soksi, na wateja watatu wamesimama nje wakisubiri awapishe. Hakuwapisha. Wateja nasema kwa sababu Shangazi ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu kilichoegemea ukuta, na kwenye kona kuna pazia la maua ambalo nyuma yake watu hujaribu nguo. Pazia hilo linaishia magotini. Lile la kwanza lilifika chini, likamwangusha mama mmoja akiwa nusu ndani ya gauni nusu nje, na tangu hapo Shangazi akasema bora miguu ya watu ionekane kuliko watu wenyewe.

Nguo za Shangazi hazijawahi kumbana mtu. Hiyo ndiyo sifa yake mtaa mzima. Ukiingia na kiuno chako unatoka na nguo inayokutosha, hata ukila njiani.

Babu, ambaye ndiye baba yake, alikuwa karani wa ghala hadi alipostaafu. Siku hizi ghala lake ni kiti cha dirishani na kikombe cha chai ya maziwa. Mimi nimekaa nao tangu nimalize shule, nashona vifungo, napiga pasi, napinda mapindo. Naye Mheshimiwa kazi yake ni kulala kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya meza, na mchana kuhamia kwenye kanyagio la cherehani, juu ya miguu ya Shangazi. Miaka tisa sasa Shangazi anashona bila viatu ili asimkanyage mkia. Hana mume, hana mtoto, na yeyote anayedhani paka yule ni paka tu, basi hajamwona Shangazi akisimamisha cherehani katikati ya mshono kwa sababu mtu fulani chini ya meza amepiga chafya.

Matatizo yalianza na kikapu. Asubuhi moja Mheshimiwa aliamka, akajinyoosha, akasimama, na kikapu kikasimama naye.

Tulicheka hadi Babu akamwaga chai. Shangazi alikuwa wa mwisho kuanza kucheka na wa kwanza kunyamaza. Alimvua kikapu polepole, kama anayemvua mtoto fulana iliyokwama kichwani, kisha akasema, "Na maji siku hizi anakunywa sana. Na mezani harukii tena. Anasimama chini ananisubiri nimnyanyue."

"Ni cheo hicho," nikasema. "Waheshimiwa hawapandi ngazi wenyewe."

Hakucheka. Kesho yake tulikwenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alimweka Mheshimiwa kwenye mizani: kilo saba na nusu. Akamtoa damu kidogo, na hapo Shangazi akageukia ukuta. Kisha Daktari akauliza, "Anakula nini?"

"Anakula kidogo tu, Daktari," alisema Shangazi.

"Kidogo nini?"

"Kidogo cha kila kitu."

Daktari aliandika. Sikuona alichoandika, ila alikiandika kwa nguvu. Majibu ya damu yalipotoka alituketisha. "Sukari bado haijaingia ndani," alisema, "lakini iko mlangoni inavua viatu. Nawapa miezi miwili. Nataka ashuke chini ya hapa alipo leo, kila wiki kidogo, bila haraka. Asiposhuka, au akiongezeka, tunaelekea kwenye sindano. Asubuhi moja, jioni moja, kila siku, maisha yake yote."

Nikasikia kiti cha Shangazi kikilia. Hapa lazima nieleze. Shangazi anaweza kushika pini nane kwa midomo na bado akamgombeza mteja asiyelipia kwa wakati. Lakini sindano ya hospitali ni kitu kingine. Mara ya mwisho alipochanjwa, muuguzi ndiye aliyempepea alipozirai, na sindano ilikuwa bado haijatolewa kwenye karatasi yake.

"Nani atamdunga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Daktari akanitazama. Shangazi akanitazama. Hata Mheshimiwa, ambaye hajawahi kunitazama bila sababu, alinitazama.

"Hatutafika huko," nikasema. "Daktari, niachie mimi. Hawa wawili nyumbani wanaendeshwa. Mimi siendeshwi na paka."

"Vizuri," alisema Daktari, kama mtu aliyekwisha kusikia maneno hayo kutoka kwa watu wengi. Akanipa masharti. Paka ni mla nyama. Chakula chake kianze na nyama, siyo nafaka. Maziwa basi, paka mzima hayamfai, yanamharibia tumbo na kumnenepesha bure. Chumvi, vitunguu na mchuzi wenu wa viungo, marufuku. Chakula kipimwe kwa kikombe, mara mbili kwa siku. Ukimchemshia kuku, asiwe na ngozi wala mifupa, na upunguze cha kikombe kwa kiasi hichohicho. Kibadilishwe taratibu ndani ya wiki moja. "Na usijifanye mkali ukamnyima kabisa," akaongeza. "Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linajaa mafuta, na hapo tutasahau hata habari ya sukari. Na la mwisho: mtu mmoja alishe. Wengine wote mikono mifukoni."

"Mtu huyo ni mimi," nikasema.

Alitaka tumpeleke kupimwa kila wiki, lakini Shangazi akaomba iwe baada ya wiki nne. Safari ya kwenda tu, Mheshimiwa alilia ndani ya kikapu chenye kifuniko kwa namna ambayo watu walikuwa wakichungulia kuona tumeiba mtoto wa nani.

"Wiki za katikati tutampima wenyewe," alisema Shangazi tulipofika nyumbani, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilirudi. "Kupima ni kazi yangu." Akavuta futi yake shingoni, akampandisha Mheshimiwa mezani, akaizungusha tumboni. Akafungua kitabu cha vipimo, na katikati ya mwalimu wa kwaya na mama wa duka la simu akaandika: *Mheshimiwa. Kiuno, ishirini na mbili.*

"Ishirini na mbili," alisema Babu. "Ndicho kiuno alichokuwa nacho bibi yako nilipomwoa."

"Babu, usimlinganishe bibi na paka."

"Simlinganishi. Bibi yako alikuwa anajua kupika."

Jioni ileile nilikwenda duka la vyakula vya mifugo. Muuzaji aliniletea mfuko wenye picha ya paka mweupe anayecheka.

"Huu unapendwa sana," alisema.

"Na paka?"

"Na wateja."

Nikageuza mfuko nikasoma maandishi madogo ya nyuma, kazi ambayo naamini ndiyo niliyopelekwa shule kujifunza. Cha kwanza, nafaka. Cha pili, unga wa nafaka nyingine. Kisha mafuta, kisha rangi, na mwisho kabisa, kama mtu aliyechelewa harusini, *ladha ya kuku*.

"Huyu kuku," nikamwuliza, "alikuwepo, au alituma salamu?"

"Dada, mimi nauza tu, sikupika."

Mfuko wa pili ulikuwa na rangi ya wino, na juu yake paka mwembamba mwenye uso wa mtu aliyepewa habari mbaya. Nyuma yake: nyama ya kuku, samaki, ini, ndipo mengine yafuate. Na maneno haya: *kwa paka wazima wanaohitaji kupungua*. Nikauchukua. Nilipofika nyumbani nikatoa punje tatu nikamwonjesha Mheshimiwa palepale mlangoni, kwani huwezi kumwanzishia mtu chakula kipya bila kujua kama atakikubali. Alikikubali. Nikamwongezea nyingine tatu kuhakikisha kwamba alikuwa hakosei.

Kesho yake nilibandika karatasi juu ya kioo: *MARUFUKU KUMLISHA MHESHIMIWA ISIPOKUWA NA MSIMAMIZI*. Nikapiga mstari mwekundu chini ya neno msimamizi.

Babu alivunja sheria kabla gundi haijakauka. Nilimkuta ameinama, kisahani cha chai yake kiko sakafuni, kimejaa maziwa.

"Babu, hicho ni nini?"

"Nilikuwa naipoza."

"Sakafuni?"

"Sakafu ina baridi."

"Na huyu aliyeingiza ulimi ndani?"

Babu akamtazama Mheshimiwa kama ndiyo kwanza anamwona. "Huyu," alisema, "anapima kama imepoa."

Shangazi alichukua siku mbili zaidi, kwa kuwa yeye ni fundi na mafundi hujua kuficha mshono. Kuna kopo la vifungo vya rangi ya maziwa ambalo hukaa kando ya cherehani yake. Nilifungua kutafuta kifungo cha shati, nikashika kitu laini. Nusu yai la kuchemsha, limekatwa vipande vidogo vya duara, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti.

"Shangazi."

Akaendelea kushona. "Ni langu hilo."

"Unakula yai kutoka kwenye vifungo?"

"Nikiwa na kazi nyingi."

"Shangazi, asipopungua, ni sindano. Mbili kwa siku. Nitamdunga mimi na wewe utamshika miguu."

Cherehani ikasimama. Alilitazama lile kopo muda mrefu, akachukua vile vipande vyote akavila mwenyewe, kimoja kimoja, bila chumvi. Tangu siku ile hakufanya tena, na niseme ukweli, wala Babu hakufanya tena. Babu aliacha maziwa kabisa ili asiingie majaribuni. Akawa anakunywa chai kavu huku anatazama dirishani kama mtu anayesubiri kuachiliwa.

Mimi nikashika kazi. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, maji safi siku nzima. Jumatano na Jumamosi nachemsha kuku bila chumvi, namtoa ngozi na mifupa, napunguza cha kwenye kikombe kama alivyoagiza Daktari. Ile ngozi, kwa vile Daktari alisema asipewe kwenye chakula, nilikuwa siweki kwenye chakula. Naikunja kwenye karatasi, naitia mfukoni mwa aproni yangu.

Wiki ya pili ikafika siku ya kupima. Shangazi alikuwa amezama kwenye sare za shule, sare hamsini na mbili zinazotakiwa Ijumaa, kwa hiyo nikachukua futi mimi. Nikaizungusha pale pale, juu ya kitovu, kama kuna kitovu. Nikasoma. Nikasoma tena.

"Ishirini," nikasema.

Cherehani ikasimama ghafla. "Ngapi?"

"Ishirini kamili. Inchi mbili, Shangazi. Wiki mbili, inchi mbili."

Shangazi aliweka mikono usoni. Sikujua kama anacheka au vipi, mpaka alipomnyanyua Mheshimiwa akamweka begani, sare za watu ziko chini, akazunguka naye chumba kizima. Babu aliinua kikombe chake cha chai kavu. "Msomi," alisema, "nimekudharau bure." Mimi nikaandika ile ishirini kitabuni kwa wino wa kijani.

Wiki mbili zilizofuata sikuvumilika. Wateja walikuja kujaribu mapindo wakapewa mhadhara. Kuna dada alikuja kwa ajili ya zipu tu. Aliondoka anajua tofauti ya nyama na ladha ya nyama. Na Mheshimiwa naye nilimpa haki yake. Mfanyakazi akifanya vizuri hupewa kitu, ofisi zote ziko hivyo. Kila saa nne asubuhi huwa naketi nyuma ya lile pazia kushona vifungo, kwa sababu pale mwanga wa dirisha dogo ni mzuri. Naye akaanza kuja kuketi juu ya mguu wangu. Namkunjulia karatasi, anachukua kipande kimoja. Hicho hakikuwa chakula. Chakula kilikuwa cha kikombe. Hiki kilikuwa motisha.

"Mbona kikapu bado hakimtoshi?" Babu aliuliza siku moja.

"Kikapu kimesinyaa, Babu. Ni joto."

Wiki ya nne tukaenda kwa Daktari. Nilivaa vizuri. Kitabu cha vipimo nilikishika kifuani kama cheti.

Daktari akamweka Mheshimiwa kwenye mizani. Akamtoa. Akaiweka mizani sawa. Akamrudisha.

"Kilo saba na gramu mia saba," alisema. "Ameongezeka."

"Mizani yako ina tatizo," nikasema.

"Mizani yangu imepima ng'ombe asubuhi hii, na haikulalamika."

"Daktari, tazama." Nikafungua kitabu. "Ishirini na mbili. Ishirini. Amepungua inchi mbili, imeandikwa."

Daktari akatoa futi yake kwenye droo, akampima. "Ishirini na nusu."

Tukatazamana. Nikageuka kumwambia Shangazi anisaidie kubishana, nikamkuta ameinamisha kichwa anasoma vidole vyake.

"Shangazi?"

"Wewe ulipompima," aliuliza taratibu, "ulisoma palepale futi ilipokutana?"

"Sasa nisome wapi?"

"Hukuongeza?"

"Niongeze nini?"

"Inchi mbili."

"Inchi mbili za nini?"

"Za kupumulia," alisema Shangazi.

Miaka thelathini anapima watu. Futi ikikutana mkono wake unaongeza inchi mbili wenyewe, haumwulizi mtu. Ndiyo maana nguo zake hazimbani mtu. Alimpima paka kama anayemshonea koti. Mheshimiwa hakuwahi kuwa na ishirini na mbili hata siku moja. Alianza na ishirini, akabaki na ishirini, na sasa alikuwa anaelekea juu.

Daktari alikuwa ameziba mdomo kwa faili. Alipolishusha alikuwa amerudi kwenye sauti ya hesabu. "Sawa. Futi tumeielewa. Lakini futi hainenepeshi. Kama kweli anakula vikombe viwili nilivyowapa, hawezi kuongezeka. Kuna mkono unamlisha. Mmebakiwa na wiki nne. Nikimwona hapa akiwa juu ya saba na nusu, nitafungua kabati lile." Akaonyesha kabati. Shangazi hakulitazama.

Njia nzima Shangazi alimbeba Mheshimiwa na kikapu chake kifuani, na mara moja tu, tulipokuwa tunasubiri kuvuka barabara, nikamsikia anamwambia kupitia matundu, "Usiogope." Sikujua anamwambia nani kati yao wawili. Moyo uliniuma. Na mimi moyo ukiniuma huwa natafuta wa kumlaumu.

Nilifunga mlango wa karakana. "Kikao," nikasema. "Kila mtu akae."

"Mimi nimekaa tangu asubuhi," alisema Babu.

"Kuna mtu humu ndani anamlisha paka."

"Mchumba," alisema Babu, maana akitaka huruma yangu huwa naitwa hivyo, "mimi nakunywa chai nyeusi wiki ya nne hii. Bado unaniongezea kesi?"

Shangazi alichukua mkasi wake mkubwa, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa, akauweka mezani mbele yetu. "Kama nimempa kitu tangu siku ya yai," alisema, "mkasi huu ukate karatasi."

Karatasi huua makali ya mkasi wa kitambaa, na hakuna kiapo kikubwa zaidi ya hicho kwa fundi. Nikaona hapa nimebaki na Babu.

"Na wewe je?" aliuliza Babu.

"Mimi?" Nilicheka. "Babu, mimi ndiye msimamizi."

Nikatunga mtego. Kesho yake nikamtengenezea Babu chai ya maziwa, tele, akaishika kwa mikono miwili akinitazama kwa mashaka. "Leo nani kafa?" aliuliza. Nikamwekea Shangazi yai la kuchemsha pembeni mwa cherehani, limeshamenywa. Nikasema naenda kutafuta vifungo vya bluu. Nikatoka kwa mlango wa mbele kwa kelele, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni nikinyata, na wao wakiwa wameinamia mambo yao nikateleza nyuma ya pazia la maua.

Mahali pazuri kuliko pote. Kupitia upenyo wa pazia niliona kile kioo kirefu, na ndani ya kioo chumba chote: Babu na kikombe, Shangazi na yai, na Mheshimiwa amelala ubavu juu ya vipande, ndani ya kikapu kipya, kikubwa, tulichomnunulia.

Saa nne ikagonga kwenye redio ya jirani. Mheshimiwa akafungua jicho moja.

Akainuka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Akaanza kutembea, na mimi nikaacha kupumua. Akafika kwa Babu. Sasa, nikasema moyoni, mkono huo. Babu akakikumbatia kikombe chake kwa hofu ya kunyang'anywa tena. Mheshimiwa akapita. Hakumtazama hata ukucha. Akafika kwa Shangazi. Lile yai lilikuwa pale, jeupe, linang'aa. Akalinusa kwa heshima, kama mtu anayesalimia wa mbali, akapita.

Akaja moja kwa moja kwenye pazia. Akaketi. Akasema, "Nyau," siyo kwa sauti kubwa, kwa sauti ya mtu aliyefika kwa miadi.

Nikamsukuma kwa kidole cha mguu. Akasogea inchi moja, akarudi. Nikamsukuma tena. Akapenyeza kichwa chini ya pazia, akaingia, akaketi juu ya mguu wangu wa kushoto kama kawaida yake ya kila siku, akanitazama usoni. Nami sikutoa kitu. Basi Mheshimiwa, ambaye kwa miezi hakuwa ameweza kurukia hata kigoda, akasimama kwa miguu ya nyuma, akajiegemeza kwenye goti langu, akanyoosha mkono akaweka kucha zake polepole juu ya mfuko wa aproni yangu. Ndani ya mfuko karatasi ikalia, kwa kuwa ilikuwemo. Naapa nilikuwa nimeisahau.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sijui tangu lini.

Niliinua macho kwenye kioo. Nilikuwa nimesahau mambo mawili: kwamba pazia letu linaishia magotini, na kwamba kioo kikikuonyesha mtu, yeye pia kinamwonyesha wewe. Babu na Shangazi walikuwa wananitazama wote wawili, uso kwa uso, kupitia mle.

"Msomi," alisema Babu, akapiga funda la maziwa, "vifungo vya bluu umevipata?"

"Toka na hiyo aproni," alisema Shangazi.

Nilitoka. Mheshimiwa alinifuata, mkono wake bado umenasa mfukoni. Shangazi akatoa karatasi, akaikunjua mezani kando ya mkasi. Ngozi ya kuku, kipande kirefu kama kidole, inang'aa mafuta.

"Hii ni nini?"

"Motisha," nikasema.

"Ya kila siku?"

Nikataka kusema siyo kila siku. Nikahesabu.

Baada ya wiki nne mizani ilikuja kusema kilo saba na gramu mia tatu, Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika akaligeuzia kisogo lile kabati, na Shangazi akatembea njia nzima ya kurudi akimwimbia Mheshimiwa kikapuni. Lakini asubuhi ile hayo hatukuyajua. Shangazi alikuwa na hofu usoni, na hofu yake aliifanyia kazi kama anavyofanyia kila kitu. Alinivua aproni. Akatia uzi mwekundu kwenye cherehani. Akaupitisha mdomo wa mfuko chini ya sindano, akaushona mwanzo hadi mwisho, akarudi nyuma, akaushona tena, akaukata uzi kwa meno.

"Hapo," alisema akinirushia, "sikuacha hata nukta ya kupumulia."

Niliivaa. Mheshimiwa alinusa mfuko ule, akagonga mara moja kwa mkono, hakuna aliyefungua. Akaketi sakafuni mbele yangu, akanikazia macho. Na kwa kuwa mimi siendeshwi na paka, nami nilimkazia macho, nikakaza, nikakaza.

"Umepepesa," alisema Babu.